Kadi ipi hasa? Zana ya kutafutia kadi inapotumiwa na wakala wa akili bandia

Mtu anapotafuta kadi ya Pokémon (kadi za kuchezea na kukusanya) kwenye tovuti, macho yake humfanyia nusu ya kazi: huona picha zimepangwa, akazilinganisha na kadi aliyoishika, akabofya inayofanana nayo. Wakala wa akili bandia, yaani programu inayoendeshwa na modeli ya lugha na kutumia zana kwa niaba ya mtu, mara nyingi hana picha hiyo. Ana maandishi tu aliyopewa, na chochote ambacho zana itamrudishia atakichukua kuwa ndicho, kisha atakitumia kupanga bei au kujaza orodha ya mkusanyaji. Kwa sababu hiyo, katika zana ninayowaandalia wakusanyaji wachache wa hapa Lubumbashi, nimeshikilia kwamba ni heri irudishe swali kuliko kurudisha kadi iliyokisiwa.

Kadi nyingi ninazoletewa zimetumwa na ndugu walioko Ubelgiji au Ufaransa, kwa hiyo zimeandikwa Kifaransa. Kijana akimwuliza wakala bei ya Dracaufeu, anamtaja Pokémon yule yule ambaye kwa Kiingereza huitwa Charizard, na zana isiyojua majina yote mawili itajibu kwamba hakuna kadi kama hiyo. Hilo ni rahisi kutatua, kwani hifadhidata huria ya TCGdex inazo kadi kwa lugha nyingi, Kifaransa kikiwemo. Ugumu huanza baada ya jina kupatikana. Charizard wa seti (kundi la kadi zinazotolewa pamoja) ya Base Set, iliyotoka Marekani mwaka 1999 ikiwa na kadi 102, ana namba 4/102, yaani ya nne kati ya 102. Mwaka 2000 alirudi katika Base Set 2 akiwa na mchoro ule ule, namba ikiwa 4/130. Mpaka hapo mtu angedhani kwamba namba inatosha, lakini mwaka 2021 seti ya Celebrations ilichapisha upya kadi ile ya zamani bila kubadilisha 4/102, na kinachoitofautisha ni alama ndogo ya kuadhimisha miaka 25. Tena, ndani ya uchapaji wa 1999 wenyewe zipo zenye muhuri wa toleo la kwanza na zisizo nao, na bei zao ziko mbalimbali sana.

Kwa hiyo zana yangu hupokea jina, lugha, seti, namba na muhuri, na pale ambapo maelezo yaliyotolewa yanaangukia kadi zaidi ya moja, hairudishi iliyo maarufu kuliko nyingine, bali humtajia wakala ni kipengele gani kinachokosekana ili amwulize mwenye kadi. (Wapo wanaolalamika kwamba zana ya namna hii inauliza mno, nadhani hawajawahi kuuza kadi kwa bei ya nyingine.) Scryfall, hifadhidata ya kadi za Magic: The Gathering, hufuata njia inayokaribiana na hiyo: hukubali jina lililokosewa tahajia, lakini likilingana na kadi nyingi mno hujibu kwamba ombi lina utata.

Scryfall pia hutenganisha vitambulisho viwili, kimoja cha kadi kama inavyojulikana katika kanuni za mchezo, kingine cha kila uchapaji wake. Lightning Bolt imechapishwa mara nyingi tangu 1993. Anayepanga kadi za kuchezea anahitaji kitambulisho cha kwanza tu, anayepanga bei anahitaji cha pili. Kwa mfano huo, katika zana yangu nimeweka vitendaji viwili (amri ambazo wakala anaweza kuziita) badala ya kimoja, kila kimoja na maelezo mafupi yanayosema kitumike lini, kwa maana modeli haina mwongozo mwingine wa kuusoma isipokuwa maelezo hayo.

Jibu nalo lipunguzwe. Rekodi moja ya Scryfall hubeba anwani za picha, uhalali wa kadi katika kila aina ya mashindano na mengine mengi, na yote hayo hula tokeni, yaani vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma, na ambavyo hulipiwa. Mimi hubakiza jina, seti, namba, lugha na bei. Data yenyewe huipakua kwa mkupuo na kuitafuta humu humu kwenye kompyuta kwa SQLite, programu ndogo ya hifadhidata, kwa kuwa intaneti yetu ni ghali, na wakala aliyenaswa katika mzunguko wa kurudia hatua ile ile anaweza kutuma maombi mfululizo mpaka seva ya watu imfungie.

Bei ndiyo huniumiza kichwa zaidi. Kwa upande mmoja zinatoka soko la Marekani kwa dola, kwa upande mwingine soko la Ulaya kwa yuro, na wakala akiachiwa namba tupu anaweza kuzijumlisha pamoja. Kwa hiyo kila bei hutoka na sarafu yake na tarehe yake, na hesabu ya kuigeuza kuwa franka siifanyi ndani ya zana. Uchakavu wa kadi hauonekani katika hifadhidata yoyote kati ya hizi. Sehemu ya hali nimeiacha wazi, ikiwa na agizo kwamba wakala asitaje thamani ya kadi kabla mwenyewe hajaeleza kingo na pembe zake zikoje.