Via ferrata ni njia iliyotiwa njumu

Mpwa wangu alishuka Mlima Kenya mwezi uliopita akanitumia ujumbe wa sauti, pumzi bado ziko juu juu: "Mjomba, tumefanya via ferrata!" Nikafurahi naye. Wiki hiyohiyo mtu mwingine akanieleza kwamba via ferrata ni "reli ya mlimani". Wa tatu, na huyu ndiye aliyenikalisha chini kuandika, akasema ni ngazi ya watalii tu: waya upo, huwezi kuanguka.

Maana yake kwa ufupi. Via ferrata ni njia ya kukwea mwamba ambayo imefungwa waya mnene wa chuma, ukashikizwa mwambani kwa vyuma kila baada ya mita chache, na penye ugumu pakaongezwa vidato vya chuma au ngazi fupi. Mkweaji huvaa kofia ngumu na mkanda wa kiunoni na mapajani. Kwenye mkanda huo hutoka kamba mbili fupi, kila moja ina kulabu inayojifunga yenyewe, yaani karabina, nazo huzipachika kwenye waya. Akifika penye chuma huhamisha moja, kisha ya pili, asiwe hata nukta moja bila kushikwa. Ugumu huandikwa kwa herufi, A ikiwa nyepesi na E ya kumtoa mtu jasho la damu. Basi, hiyo ndiyo maana.

Sasa jina, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Ni Kiitaliano. Via ni njia, hakuna ubishi. Ferrata inatokana na ferro, chuma, lakini si "ya chuma". Ni kitenzi kilichotendwa: ferrare ni kutia chuma, kama anavyofanyiwa farasi kwato zake zinapopigiliwa vyuma. Kwa hiyo ni njia iliyotiwa chuma. Mwamba umebaki mwamba, chuma kimeongezwa juu yake. Aliyesema "reli" simcheki sana, kwa sababu Waitaliano wenyewe zamani waliita reli strada ferrata, barabara iliyotiwa chuma, na hadi leo reli kwao ni ferrovia. Maneno ni ndugu wa tumbo moja, lakini ndugu mmoja hubeba treni na mwingine hubeba mtu anayetetemeka magoti.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili na hatulitumii. Panga na viti vya fahari vya pwani vilitiwa njumu, yaani madini yaliyochomekwa kwenye mti au kwenye mpini. Wacheza mpira nao wanavijua viatu vya njumu. Ningeulizwa mimi, ningeita via ferrata njia ya njumu. Hakuna aliyeniuliza.

Wajerumani na Waaustria wamepita njia nyingine. Wao husema Klettersteig: Steig ni kijia chembamba cha mteremko, na klettern ni kukwea. Muitaliano ameitazama njia akaona ilichopachikwa, Mjerumani amemtazama mtu akaona anachofanya. Na hapa Mswahili ana faida. Sisi hatuchanganyi kupanda na kukwea, au tulikuwa hatuchanganyi. Unapanda basi, unapanda ngazi, unapanda kilima. Mnazi unaukwea, kwa mikono na miguu, na mwenye kazi hiyo ni mkwezi. Shina la mnazi likichanjwa pa kuweka mguu, kila pengo ni kidato. (Ndiyo, kidato cha kwanza cha shule kinatoka hukohuko kwenye ngazi.) Basi vile vyuma vya kukanyagia mwambani ni vidato, na anayevikanyaga anakwea. Anayetembea kwa fimbo hadi kileleni, hata kama ni Uhuru, amepanda. Si tusi. Ni kitenzi tu.

Utasikia pia kwamba njia hizi zilibuniwa na wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zilitumiwa nao, hilo kweli. Italia ilipoingia vitani Mei 1915 mpaka wake na Austria ulipita kwenye majabali ya Dolomites, na pande zote mbili zilifunga ngazi, kamba na vyuma ili kupandisha askari na shehena. Njia kadhaa za leo zimefuata nyayo hizo. Lakini mwaka 1843, miaka 72 kabla, Friedrich Simony, mwanajiografia wa Austria, alikuwa ameshatia vyuma vya kushikia na kamba kwenye mlima Dachstein huko Austria ili watu wafike juu. Vita havikuzaa kitu hiki, vilikikuza.

Sasa nirudi kwa yule wa "huwezi kuanguka".

Anayekwea kwa kamba ndefu akiteleza, kamba hunyumbuka na kulilainisha pigo. Wakweaji hulipima anguko kwa hesabu ya darasa la tatu: mita ulizoanguka, gawanya kwa mita za kamba iliyokukamata. Kwenye ukweaji wa kamba wa kawaida jibu halizidi 2, na 2 yenyewe ni balaa. Njoo kwenye waya. Uko mita 3 juu ya chuma cha mwisho na kamba yako fupi ina mita 1. Ukiteleza, karabina hazikushikilii pale ulipo. Zinateremka na waya kwa mlio wa chuma juu ya chuma hadi kwenye chuma cha chini, ndipo zinagota. Umeanguka mita 4, umekamatwa na mita 1. Jibu ni 4, na njiani mna vidato na mawe yaliyochomoza yanayokungoja.

Ndiyo maana zile kamba mbili hukutana kwenye kifuko kidogo. Ndani yake mna utepe uliokunjwa na kushonwa, na pigo likija nyuzi zinakatika mfululizo, utepe unafumuka, mgongo wako unapona. Ukishafumuka umekwisha kazi. Kipimo cha Ulaya cha vifaa hivi, kama kilivyorekebishwa 2017, kinahesabu mtu wa kilo 40 hadi 120. Mtoto wa kilo 28 kifuko hakimsaidii vya kutosha, huyo hufungwa kamba ya kweli na mtu mzima aliye juu yake. Na kati ya chuma na chuma anapita mtu mmoja tu, kwa sababu wa juu akiteleza atamkuta wa chini. Waya unakuzuia usife, haukuzuii usianguke.

Niliyaelewa haya vizuri kwenye ukingo wa Mannlgrat, Berchtesgaden, kusini mwa Ujerumani. Upande wa kaskazini wa milima ya Alps ni ukanda wa mawe ya chokaa, na anayetoka kwetu huudharau akisoma namba. Hoher Göll, mlima ambao Mannlgrat inaelekea kileleni mwake, una mita 2522, chini ya vibanda vya Mandara ambako wapanda Kilimanjaro wa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza. Lakini chokaa haijui kupanda polepole. Imesimama kama ukuta, maji ya mvua yanazama kwenye nyufa zake hata huko juu hupati kijito cha kujaza chupa, na pale viatu vya watu vimepita miaka mingi jiwe limelainika, linang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Mannlgrat yenyewe si ngumu, kwa herufi haifiki mbali. Ina sehemu za waya, na baina yake sehemu ambazo waya haupo kabisa, ni wewe na jiwe. Nilikuwa nikipiga soga na mwenzangu. Kwenye chuma kimoja nikahamisha karabina moja, nikacheka, nikaendelea. Hatua tatu mbele ndipo nilipoona ya pili inaning'inia gotini haijashika kitu. Soga ikaisha hapo.

Upande wa pili wa Göll kuna nyumba ya wapanda milima, mpaka wa Ujerumani na Austria unaikata katikati. Inaitwa Purtschellerhaus, kwa jina la Ludwig Purtscheller, mwalimu wa Salzburg aliyezoea milima kama hii kabla hajafika Kibo pamoja na Mjerumani Hans Meyer mwaka 1889. Kilele kimoja cha Mawenzi nacho kina jina lake. Huko Mawenzi hakuna aliyetia njumu, na hakuna anayepatembelea kwa fimbo.

Basi mpwa wangu, vile vyuma mlivyovikuta chini ya kilele cha Lenana ni vya jamii hii, sikukatalii. Lakini ulivishika kwa mkono mtupu kwa dakika chache, bila mkanda wala karabina, kisha ukatembea. Wakikuuliza, sema ulipanda Lenana, mita 4985, na mwishoni palikuwa na chuma ukakishika. Neno la Kiitaliano liweke kwanza. Ukija huku Alps Juni, theluji ikishapungua, nitakuazima mkanda wangu, na soga tutapigia chini.