Kwenda 60, kurudi 40, mwayeni si 50

Egzetati (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari Kongo) ikikaribia hapa Lubumbashi, hesabu za vitesi ya mwayeni (kasi ya wastani) njo zinaangusha watu, na si wale dhaifu tu, hata wa Mate-Fizik (sekshoni ya hesabu na fizikia) wanaanguka. Swali lenyewe liko hivi: bisi inatoka Lubumbashi kwenda Likasi, kama kilometa 120, inaenda na 60 kwa saa, kurudi inakuta kamio za mizigo zimejaa barabara inarudi na 40 kwa saa. Mwayeni ngapi? Mtoto hajamaliza kusoma ashaandika 50.

Wanasema: jumlisha vitesi, gawa kwa mbili.

Apana. Unachukua njia yote unaigawa na masaa yote, njo ivyo tu, hakuna ingine. Kwenda: 120 kwa 60, masaa 2. Kurudi: 120 kwa 40, masaa 3. Njia yote kilometa 240, masaa yote 5, jibu 48. Sasa kwa nini iko chini ya 50? Juu bisi ilikaa masaa 3 kwenye mwendo wa polepole na masaa 2 tu kwenye mwendo wa mbio, sasa ule wa polepole una sauti kubwa zaidi kwenye hesabu.

Kama bado haijaingia, shika bultini yako (karatasi ya pointi za shule). Umepata 20 kwa 40 kwenye kozi moja, ni 50%, ingine umepata 9 kwa 10, ni 90%. Je, shule itakuandikia 70%? Thubutu! Wanajumlisha pointi 29, wanajumlisha maksima 50, unapata 58%, juu kozi yenye maksima kubwa inavuta zaidi. Kwenye vitesi, masaa njo maksima. Mzazi yeyote anaelewa hii ya bultini bila kufundishwa, lakini ukimpa bisi anarudi palepale kwenye 50.

Wanasema: basi kugawa kwa mbili ni kosa siku zote.

Nayo si kweli, na walimu wengine wanaitia nguvu mpaka mtoto anaogopa. Dereva akienda saa moja na 60, kisha saa moja na 40, amefanya kilometa 100 kwa masaa 2, mwayeni ni 50 safi kabisa. Angalia swali limesema nini kiko sawa: njia ama masaa? Masaa yakiwa sawa, gawa kwa mbili bila woga. Njia ikiwa sawa, usiguse.

Wanasema: bila kupewa kilometa hesabu haiwezekani.

Inawezekana. Kama kwenda na kurudi ni njia ileile, wewe chagua kilometa yako mwenyewe, weka 24 ukitaka: dakika 24 kwenda, dakika 36 kurudi, saa moja kamili kwa kilometa 48. Jibu lilelile. Kuna na formula, mara mbili ya vitesi A mara B, gawa kwa A jumlisha B, inaitwa mwayeni amoniki, Wagiriki wa zamani waliijua tangu siku za Archytas, mtaalamu wao wa hesabu. Nzuri, lakini mtoto akiikariri anaiweka kila mahali, hata pale njia ni tatu ama hazilingani, na pale inamuacha.

Wanasema: nikichelewa kwenda, nitafidia kurudi.

Hii njo tamu. Umeenda Likasi na 30 kwa saa, sasa unataka mwayeni ya safari yote, kwenda na kurudi, iwe 60. Urudi na ngapi? Wengi: 90! Ngoja kwanza. Kilometa 240 kwa 60 ni masaa 4, na wewe masaa 4 umeshayamaliza kwenye kwenda peke yake. Imebaki dakika sifuri ya kurudi. Hata ukipewa ndege haitoshi. Mwaka 1934 Max Wertheimer, mtaalamu wa saikolojia, alimtumia Einstein hesabu ya aina hii kwenye barua, na Einstein alijibu kwamba hakuona mtego mpaka alipopiga hesabu yenyewe. Kwa hiyo usijione mjinga.

Wanasema: kusimama haihesabiwi.

Inahesabiwa, labda swali liseme "bila vituo". Bisi ikitembea masaa 2 kufika Likasi halafu ikalala saa nzima njiani, peaje (pale pa kulipia barabara), mama ananunua makala (mkaa), kondakta anabishana chenji, mwayeni ya kilometa 120 ni 40. Ile sindano mbele ya dereva haijui habari hizo.

Wanasema: 1h20 (saa moja na dakika 20) ni 1,20.

Hapa hata mwenye kuelewa yote ya juu anapoteza pointi. Lubumbashi mpaka Kasumbalesa tuseme kilometa 90, kwa 1h20. Kalkuleta ikipigwa 90 kwa 1,20 inatoa 75, na inaonekana nzuri kweli. Lakini dakika 20 ni theluthi ya saa, si sehemu 20 za 100. Badilisha yote iwe dakika: kilometa 90 kwa dakika 80, mara 60, ni 67,5. Na egzetati ni ya kuchagua jibu, wale wanaotunga wanaijua hii njia ya kukosea, 75 itakuwa imekaa palepale kwenye asershoni (majibu ya kuchagua) inakungoja.