Je, wajua kwa nini ahadi ya kurudisha wanajeshi nyumbani huchukua miaka kutimia?

Richard Nixon aliingia Ikulu ya Marekani Januari 1969 akiwa ameahidi kumaliza vita vya Vietnam. Askari wake wa mwisho wa kivita waliondoka kule tarehe 29 Machi 1973, muhula mzima wa urais ukiwa umeshapita. Katika miaka hiyo walikufa Wamarekani zaidi ya 20,000, na Wavietnam wengi zaidi ya hao. Sasa mtu aliyechaguliwa ili avimalize vita alikuwa akingoja nini?

Tuanze na ahadi yenyewe. Watu wengi hudai Nixon alisema ana "mpango wa siri", lakini maneno hayo hakuyatamka. Kwenye kampeni za 1968 alisema kwamba uongozi mpya ungemaliza vita na kuleta amani. Hakutaja tarehe wala idadi ya askari. Ahadi nyingi za aina hii huponea hapo: mpiga kura anasikia kwamba vijana wanarudi, kumbe mgombea amesema vita vitakwisha, na vita havikwishi bila masharti.

Hata hivyo, alianza. Juni 1969 alitangaza kuondoa askari 25,000, na tarehe 8 Julai kundi la kwanza la askari 814 likapanda ndege kutoka Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyoungwa mkono na Marekani. Siku mbili baadaye walipita kwa gwaride katika mitaa ya Seattle. Nyuma yao, Vietnam, walikuwa wamebaki wenzao zaidi ya nusu milioni.

Septemba mwaka huohuo mshauri wake, Henry Kissinger, alimwandikia waraka wa onyo. Alisema kurudisha askari kutakuwa kama karanga za chumvi kwa Wamarekani: kadiri wanavyorudi wengi, ndivyo wananchi watakavyodai warudi wengine zaidi. Hofu yake ilikuwa na mantiki. Kama Hanoi, yaani serikali ya Vietnam Kaskazini waliyopigana nayo, inaona adui anafungasha, ina haja gani ya kulegeza msimamo mezani? Askari aliyeko uwanjani ndiye karata ya mazungumzo. Ukiitupa mapema huna tena cha kudai, na ukiishikilia, vijana wanaendelea kufa huku ukisubiri upande wa pili uchoke. Nixon alijaribu yote mawili kwa pamoja. Alipunguza askari wa miguu, akazidisha mabomu, na mwishoni mwa Aprili 1970 akatuma majeshi hadi ndani ya Kambodia. Vita alivyoahidi kuvimaliza vikavuka mpaka.

Sababu ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa haihusiani na Hanoi hata kidogo. H. R. Haldeman, mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, aliandika katika shajara yake ya Desemba 1970 kwamba Kissinger hakutaka askari watolewe wote mwaka 1971. Serikali ya Saigon ingeweza kuyumba mwaka 1972, na huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Heri waondoke mwishoni mwa 1972, kura zikiwa zimeshapigwa. Agosti 1972, kinasa sauti cha Ikulu kilimnasa Kissinger akimwambia Nixon kwamba walihitaji namna ya kuifanya Saigon isimame mwaka mmoja au miwili tu. Mkataba wa Paris wa kusitisha vita ulitiwa saini tarehe 27 Januari 1973, na Saigon ikaanguka mikononi mwa Kaskazini tarehe 30 Aprili 1975. Kwa hiyo siku ya kijana kurudi kwa mama yake ilipangwa kwa kalenda ya kura, na waliokufa wakati wa kungoja hawakuambiwa wanangojea nini.

Rais anayewaondoa askari hubebeshwa lawama yote ya kitakachofuata, lakini anayewaacha hulaumiwa kidogo kidogo. Ndiyo maana Afghanistan ilikabidhiwa kutoka rais hadi rais. Desemba 2009 Barack Obama, katika hotuba moja, aliongeza askari 30,000 na kuahidi kwamba wangeanza kuondoka Julai 2011. Alipomaliza muda wake Januari 2017, bado walikuwepo takriban 8,400. Donald Trump, aliyekuwa akitaka watoke, naye aliongeza idadi yao mwaka huo, kisha serikali yake ikatia saini na Taliban makubaliano ya kuondoka, mjini Doha, Februari 2020. Joe Biden alikamilisha kazi tarehe 30 Agosti 2021. Kabul ilikuwa imeanguka siku 15 kabla, na lawama zikamwangukia yeye.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ni Somalia. AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika cha kulinda amani huko, iliundwa Januari 2007 kwa miezi sita, lakini ilidumu hadi 2022, ikarithiwa na ATMIS, na tangu Januari 2025 kuna AUSSOM. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Baada ya kambi ya askari wake huko El Adde kuvamiwa na al-Shabaab Januari 2016, kuondoka kukawa hoja ya siasa: kwenye kampeni za 2017 mgombea wa upinzani Raila Odinga aliahidi kuwarudisha askari wa KDF, jeshi la Kenya, huku Rais Uhuru Kenyatta akisisitiza watabaki hadi Somalia itulie. Serikali haikuwa imetangaza idadi rasmi ya waliouawa El Adde. Mkenya alitakiwa achague kati ya kubaki na kuondoka bila kuonyeshwa gharama ya kubaki, na serikali isiyobanwa na hesabu hiyo haina haraka ya kumrudisha mtu.