Sacabambaspis, samaki aliyefungwa na pwani

Kama unatumia mitandao ya kijamii, huenda umeshakutana na sura yake: macho ya mviringo yaliyokodolewa na mdomo unaoonekana kushangaa. Picha hiyo ni ya sanamu iliyoko katika makumbusho ya Helsinki, Finland. Inachekesha, sikatai. Ila mchongaji asionewe, kwani visukuku vyenyewe vinaonyesha macho yalikaa mbele kabisa ya kichwa, yakiwa karibu karibu kama taa za gari.

Sacabambaspis janvieri alielezwa kisayansi mwaka 1986, akapewa jina la kijiji cha Sacabamba, Bolivia. Ndugu yake Arandaspis, wa katikati ya Australia, alishatangulia mwaka 1977. Ukoo wao, Arandaspididae, uliishi baharini katika kipindi cha Odovisi, zaidi ya miaka milioni 450 iliyopita, wakati hakuna samaki hata mmoja tunayemjua kuwa na taya.

Sacabambaspis alikuwa na urefu wa sentimita 25 hivi. Kichwa na kifua vilifunikwa na mabamba mawili makubwa ya mfupa, moja juu na jingine chini. Ubavuni kulikuwa na safu ya vibamba vidogo penye matamvua. Mapezi ya ubavuni hakuwa nayo kabisa, na hapo ndipo ninapopapenda. Mnyama mwenye deraya nzito, anayesukumwa na mkia tu bila kitu cha kumwongoza, atavukaje bahari kuu?

Miamba inaonyesha hakuvuka. Mabaki ya ukoo huu yamepatikana Bolivia, Argentina, Australia na, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2009, Oman. Kote huko ni mashapo ya maji mafupi ya ufukweni, na kote palikuwa kingo za Gondwana, bara kubwa ambalo Afrika yetu ilikuwa sehemu yake. Amerika Kaskazini, iliyotengwa na bahari, ilikuwa na samaki wengine wasio na taya, akina Astraspis wa Colorado.

Kukaa pwani kulikuwa na hatari yake. Kule Bolivia samaki hawa wamekutwa wengi mahali pamoja, wamechanganyikana na kombe za lingula, wanyama wadogo wa baharini wenye kombe mbili. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba maji yasiyo na chumvi kutoka nchi kavu yalimiminika ghafla baharini, chumvi ikapungua, wakafa wote kwa mpigo na kufukiwa na mchanga kabla hawajaoza.