Mausi imegoma baada ya kuapudeti? Usifomati kompyuta

Wiki hii nimepigiwa simu tatu zenye maneno yale yale. Moja ilitoka Sinza, moja Mbagala, moja kwenye ofisi iliyo karibu na Posta. "Fundi, jana nimeapudeti Ubuntu, leo mausi imegoma. Nimeambiwa keneli mpya imeharibu mashine, niifomati." Ubuntu ni mfumo endeshi wa familia ya Linux, na keneli ni kiini chake, sehemu inayoongea na vifaa kama mausi. Dada wa Mbagala alikuwa ameshafomati alipopiga. Alitaka kujua tu kama kuna namna ya kuyapata mahesabu ya duka lake ya miezi minane. Mtu aliyemhudumia alifuta diski nzima, akapiga Ubuntu upya, na mausi ikafanya kazi. Ingefanya kazi hata bila kufuta chochote.

Dhana hii inaniumiza kuliko nyingine zote: kwamba ukishasasisha keneli, ile ya zamani imekwenda, kwa hiyo ikileta shida dawa ni kuanza upya. Si kweli hata kidogo. Ubuntu, Debian na Linux Mint haziandiki keneli mpya juu ya ya zamani, zinaiweka kando yake. Fungua folda ya /boot utakuta faili zinazoanza na vmlinuz, kila moja na namba ya toleo lake. Ndani ya /lib/modules kuna folda moja kwa kila toleo, na humo ndimo zinamokaa draiva zake, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa, ambazo kwenye Linux huitwa moduli. Nyaraka zako na picha zako ziko /home, na keneli haina shughuli nazo. Anayekwambia ufute diski kwa sababu ya mausi anakutoza gharama kubwa kwa tatizo ambalo halijui.

Kurudi kwenye keneli ya zamani ni hivi. Washa kompyuta, na mara nembo ya kiwanda inapotokea bonyeza Esc kama mashine inatumia UEFI (programu ya kuwashia ya mashine za karibuni), au shikilia Shift kama ni BIOS ya zamani. Itatokea menyu ya GRUB, programu inayochagua keneli ya kuwasha. Ingia kwenye mstari wa Advanced options for Ubuntu, chagua toleo lenye namba ndogo ambalo halijaandikwa recovery mode, gonga Enter. Yote hayo ni mishale ya kibodi, mausi haihitajiki. Ukibonyeza Esc mara nyingi kwa haraka utaangukia kwenye mstari wa grub>. Usiogope. Andika normal, gonga Enter, kisha bonyeza Esc mara moja.

Jaribio hili ndilo ninalomsihi kila mteja alifanye kabla ya kunipigia, na ni wachache mno wanaolifanya. Dakika tano zinatosha kukuonyesha kosa liko wapi. Mausi isipofanya kazi hata kwenye keneli ya zamani, basi keneli mpya haina hatia na unapoteza muda kuilaumu. Ikifanya kazi, umeshajua pa kuchimba, na juu ya hapo una kompyuta nzima ya kufanyia kazi leo huku ukitafuta chanzo taratibu.

Keneli mpya inaweza kweli kuvunja kitu, sitaki kudanganya. Ubuntu 22.04 ya mezani ilianza na keneli 5.15, na kufikia 2024 masasisho ya kawaida yalikuwa yameifikisha 6.8. Huo ni mruko mkubwa, na mtumiaji alichokiona ni dirisha la "sasisha sasa" tu. Lakini mara nyingi ninachokuta kwa wateja ni usakinishaji ulioishia njiani. Umeme umekatika katikati ya kazi na betri ya laptopu haishiki hata dakika. Au sehemu ya /boot imejaa: aliyesimba diski yake kwa nywila huwa na /boot ya peke yake, nayo ni ndogo. Keneli imewekwa, moduli zake zimebaki nusu. Kama kibodi ya USB nayo imekufa pamoja na mausi huku kibodi ya laptopu yenyewe inaandika, shuku hapo kwanza, maana zote mbili zinategemea moduli moja, usbhid. Washa keneli ya zamani, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) kwa Ctrl+Alt+T, angalia nafasi kwa df -h /boot, kisha malizia kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a

Kwenye Ubuntu hakikisha pia kifurushi cha linux-modules-extra cha toleo lile jipya kipo, kwa sababu draiva za vifaa vingi visivyo vya kila siku zimo humo. Na tafadhali, unapopunguza vitu ili /boot ipate nafasi, usiifute keneli inayofanya kazi. Mimi siruhusu ya zamani iondolewe mpaka mpya iwe imetumika wiki nzima bila kasoro.

Tachipadi ya laptopu ina mambo yake. Za zamani huendeshwa na moduli iitwayo psmouse. Nyingi za miaka ya karibuni hupita njia ya mawasiliano ya ndani iitwayo I2C na moduli yake ni i2c_hid. Sasa kuna watu waliojiwekea hati ndogo ya kuondoa i2c_hid na kuirudisha kila kompyuta inapoamka, na ilikuwa inawafaa. Tangu keneli 5.12 ya 2021 kazi ile iligawanywa, upande wa ACPI (njia ambayo mashine huiambia keneli ina vifaa gani) ukapewa moduli yake, i2c_hid_acpi. Hati ya zamani sasa inagoma kwa sababu i2c_hid inashikiliwa na mwenzake. Mwenye mashine anaona tachipadi imekufa baada ya kusasisha, anasema keneli imeua kifaa. Kifaa ni kizima. Andika sudo modprobe -r i2c_hid_acpi kuiondoa, kisha sudo modprobe i2c_hid_acpi kuirudisha, na kama mashine yako ni ya psmouse fanya vivyo hivyo kwa jina hilo.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

"Mausi imeungua, nanunua nyingine Kariakoo." Ichomeke kwanza kwenye kompyuta ya jirani. Ikiwa haina waya, badilisha betri, na hata kama betri ni mpya angalia risiva (kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi ya mausi) imechomekwa wapi. Mteja wa Sinza alisasisha keneli siku ile ile aliyoanza kutumia diski ya nje, na risiva ya mausi ilikaa ubavuni mwa diski hiyo kwenye tundu la USB 3. Intel walishaeleza tangu 2012 kwamba USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na risiva nyingi za mausi husikiliza masafa hayo hayo. Tulihamisha risiva upande wa pili wa laptopu, mausi ikaacha kuruka. Nilipomwambia keneli haikuhusika, alinyamaza kidogo kwenye simu, maana mausi mpya alikuwa ameshainunua.

"Natafuta CD ya draiva." Kwa mausi ya kawaida kwenye Linux hakuna CD ya kutafuta. Draiva zinakuja na keneli yenyewe. Acha kupakua vitu kwenye tovuti usizozijua.

"Inalala nikiiacha sekunde chache, lazima niigonge kitufe ndipo iamke, hiyo ni keneli." Mara nyingi ni programu ya kubania umeme uliyoiwasha mwenyewe ukasahau. Ukitumia powertop kwa amri ya kurekebisha kila kitu, inaruhusu hata mausi ya USB izimwe ikitulia. Iondoe mausi kwenye orodha hiyo.

"Hariri xorg.conf." Hiyo ni faili ya mipangilio ya X, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha na kusoma mausi, na ushauri huu una umri. Keneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003, mausi zilianza kusomwa kupitia /dev/input/mice, na baadhi ya waliobaki na mstari wa /dev/psaux kwenye mipangilio yao walipata taabu ya kweli. Wakati ule faili ya mipangilio ya X, iliyoitwa XF86Config na baadaye xorg.conf, ndiyo ilikuwa mahali pa kurekebisha. Leo Ubuntu nyingi huingia kwa Wayland, mfumo mpya uliochukua nafasi ya X, na Wayland haiisomi xorg.conf kabisa. Unaweza kuihariri mpaka usiku na hakuna kitakachobadilika.

"Nimesasisha, sijazima na kuwasha, nimechomeka mausi haisomi." Kwenye Arch, Linux ya aina nyingine, hili ni jambo la kawaida: folda ya moduli za keneli inayoendelea kukimbia imeshaondolewa, kwa hiyo kifaa kipya hakina pa kupata draiva. Zima, washa, basi.

"Basi sisasishi keneli tena." Hapa sina subira kabisa. Kasoro iliyoitwa Dirty Pipe, iliyotangazwa 2022, ilikuwemo kuanzia keneli 5.8, na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida wa mashine kuandika ndani ya faili anazoruhusiwa kuzisoma tu, na hatimaye kujipa mamlaka ya msimamizi. Ofisi yenye watumiaji kumi kwenye kompyuta moja haiwezi kubaki na keneli ya namna hiyo kwa sababu ya mausi. Kaa kwenye ya zamani kwa siku chache ukitafuta suluhisho, kisha songa mbele.

Kama una nafasi ya kujifunza amri moja tu, jifunze sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa keneli papo hapo. Iache wazi, chomoa mausi, chomeka tena, soma. Usipoona mstari wowote mpya, tafuta kwenye waya, tundu au umeme. Ukiona mstari wa new low-speed USB device au full-speed lakini hakuna mstari unaoanza na input, kifaa kimeonekana ila draiva haijakipokea. Ukiona yote mawili na kishale bado hakitembei, keneli imeshamaliza sehemu yake, tafuta kwenye mipangilio ya dawati.

Ukinipigia, kaa na mambo matatu: jibu la uname -r (amri inayotaja toleo la keneli unayotumia), mausi ilifanyaje kwenye keneli ya zamani, na dmesg ilisema nini. Kaka wa Posta nilimtumia maswali hayo asubuhi. Alijibu kwamba kwenye keneli ya zamani mausi inatembea vizuri, kwenye mpya dmesg inaonyesha kifaa lakini hakuna input, na ndiyo, umeme ulikatika jana akiwa katikati ya kusasisha. Aliandika dpkg --configure -a, akasubiri, akawasha upya. Kabla ya saa tano alikuwa ameshatuma mishahara.