Mashine Haijakuuliza Dini Yako, Lakini Huenda Inaijua

Dereva wa bodaboda ambaye ni Msabato huzima programu ya abiria Ijumaa jua linapotua, akaiwasha tena Jumamosi jioni. Programu haijawahi kumuuliza dini yake. Lakini kama bonasi ni ya anayefanya kazi siku zote saba, na abiria wa safari ndefu hupewa wasiozima simu, sabato yake inamgharimu kila wiki. Hakuna aliyemchukia, na hakuna aliyeamua kumbagua. Ndiyo maana uhuru wa dini katika zama za akili unde (AI) unaeleweka vibaya: watu wanatafuta adui, ilhali tatizo ni kanuni ya hesabu iliyokutana na hali ya maisha ya mtu.

Dhana potofu: "Mfumo haujui dini yangu, kwani sikuiandika popote"

Dini husomeka kwenye nyayo. Programu ya mkopo iliyoruhusiwa kusoma SMS inaona ujumbe wa M-Pesa: fungu la kumi kwa Paybill ya kanisa, mwezi baada ya mwezi. Ikiruhusiwa pia kufungua orodha ya namba, inakuta "Ustadh", "Pst", "Katekista". Ikipewa mahali simu ilipo, inajua kwamba kila Ijumaa saa saba mchana simu hiyo iko Msikiti wa Jamia. Hata jina pekee linatosha mara nyingi. Halima hahitaji kujieleza.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaioni. Muislamu anayekwepa riba huenda hana historia ya mkopo. Mfumo wa kupima wakopaji hauna namna ya kumtofautisha mtu anayefuata imani yake na mtu ambaye hajawahi kuaminiwa na yeyote: wote wana rekodi tupu, na rekodi tupu hupata alama za chini. Siku Muislamu huyo atakapotaka pikipiki kwa malipo ya polepole, hata kwa mpango usio na riba, huenda akatakiwa kutoa malipo makubwa ya kwanza au akakataliwa, na jibu likawa "hujafuzu" bila sababu.

Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja kwa misingi ya dini, dhamiri, imani na hata mavazi, na inawabana watu binafsi pia, si serikali pekee. Maneno "usio wa moja kwa moja" ndipo hoja ya dereva na ya mkopaji inapoanzia. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka imani na dhamiri katika kundi la data nyeti, pamoja na afya na alama za mwili.

Dhana potofu: "Kompyuta haina dini, haiwezi kubagua"

Haina dini, lakini imefundishwa kwa maandishi ya watu wenye chuki zao. Mwaka 2021 mtafiti Abubakar Abid na wenzake walichapisha utafiti kuhusu GPT-3, mfumo wa AI unaoandika maneno. Waliupa mwanzo wa sentensi, "Waislamu wawili waliingia kwenye...", wakauacha umalizie. Katika kila majaribio 100, 66 yaliishia kwenye vurugu. Walipotanguliza maneno ya sifa njema idadi ilishuka hadi 20, bado juu ya ile ya Wakristo. Mifumo imerekebishwa tangu hapo, lakini mwajiri wa Nairobi anayechuja mamia ya maombi ya kazi kwa programu hawezi kujua hali ilivyo bila kuijaribu mwenyewe. Njia ni rahisi: chukua CV 20, tengeneza nakala ya kila moja, badilisha jina tu, Peter awe Yusuf, Mary awe Fatuma, kisha linganisha alama. Usiguse shule, tarehe wala mpangilio wa maneno, maana ukigusa hutajua kilichosababisha tofauti.

Dhana potofu: "Kamera humsumbua mhalifu tu"

Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima mifumo 189 ya kutambua nyuso. Kosa la kumfananisha mtu na mwingine asiye yeye lilikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Yaani sisi ni miongoni mwa wanaokosewa zaidi.

Tupige hesabu. Kamera imewekwa mlangoni pa msikiti unaojaa watu 3,000 siku ya Ijumaa, nayo humfananisha kimakosa mtu 1 kati ya 100 na mtu anayesakwa. Hao ni watu 30 wasio na hatia kila wiki. Kama anayesakwa ni mmoja na amepatikana, askari ana majina 31 na hajui lipi ni lake. Muuzaji atasema mfumo wake una usahihi wa asilimia 99, na hatakuwa amedanganya.

Sasa liweke hilo Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Waislamu wengi, ambako Aprili 2014 maelfu ya watu walikamatwa katika operesheni ya usalama, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo hatasubiri kueleza kwamba kamera imekosea. Ataswali nyumbani. Msikiti haujafungwa, Katiba haijaguswa, lakini uhuru wake umepungua.

Dhana potofu: "Mashine itaondoa chuki ya kidini mtandaoni"

Machi 2024 bodi huru inayokagua maamuzi ya Meta, mmiliki wa Facebook, ilisema kwamba neno la Kiarabu "shaheed", ambalo mara nyingi humaanisha aliyefia imani, lilisababisha kuondolewa kwa machapisho mengi kuliko neno lingine lolote kwenye mitandao ya kampuni hiyo, na kwamba kanuni ya Meta kuhusu neno hilo ilikuwa pana kupita kiasi. Ndugu yake katika Kiswahili ni "shahidi". Shahidi ni anayepanda kizimbani katika mahakama ya Milimani. Ni Mashahidi wa Uganda wanaokumbukwa Namugongo kila tarehe 3 Juni. Ni Mashahidi wa Yehova wanaobisha hodi Jumamosi asubuhi. Ni Imamu Hussein, aliyeuawa Karbala. Mashine inayopima neno pekee haioni tofauti hizo. "Kafiri" nalo ni vivyo hivyo: katika darasa la fikihi, yaani sheria za Kiislamu, ni istilahi, katika mabishano ya mtandaoni ni tusi. Kosa huenda pande zote mbili, mawaidha yakafutwa na tusi la Sheng likabaki.

Ukifutiwa chapisho, kata rufaa na ueleze neno lina maana gani katika sentensi yako, kwa lugha uliyoandika. Na ukitaka kushtaki chuki, jua pa kwenda: kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinahusu kabila, rangi na utaifa. Matusi kwa dini yamo katika Sheria ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 134.

Dhana potofu: "Namba ya kidijitali ni 666, mjadala umeisha"

Hofu hiyo ya namba ya mnyama wa kitabu cha Ufunuo ni imani, na Ibara ya 32 ya Katiba inailinda. Lakini imewaficha wengi swali lililokuwa mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya kidijitali, iendelee kwa sharti la kuwa na kanuni za kutosha, ikakataza kukusanywa kwa DNA na GPS. Miongoni mwa waliofungua kesi ni Nubian Rights Forum. Wanubi wa Kibera, ambao wengi ni Waislamu, wamepigwa msasa miaka mingi kabla ya kupata kitambulisho. Asiye na kitambulisho haingii kwenye mfumo, na mfumo hauwezi kumhudumia asiyemo.

Dhana potofu: "Hakuna sheria ya AI, kwa hiyo hakuna pa kulalamika"

Mkakati wa kitaifa wa AI wa 2025–2030 si sheria, ni kweli. Lakini kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kutoamuliwa na mashine pekee katika jambo linalokuathiri kwa uzito. Kuna mianya, mfano pale ulipokubali mwenyewe au uamuzi ulipohitajika kwa mkataba, lakini hata hapo unaweza kudai binadamu aupitie upya.

Piga picha ya skrini yenye tarehe kabla ya kufuta programu. Wengi hufuta kwa hasira, na ushahidi ukaenda nayo. Kisha iandikie kampuni kwa baruapepe, si kwa simu, ukiuliza mambo manne: mna data gani yangu, mliitoa wapi, je, uamuzi ulifanywa na mashine pekee, na nani ataupitia upya. Usianze na hoja ya dini. Anza na data, kwa sababu majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama Jumamosi, jina au sadaka vilihesabiwa. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data pamoja na nakala ya barua hiyo. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.