4,294,967,297: namba iliyompiga chenga Fermat

Zidisha 2 kwa 2 mpaka ufike kipeo cha 32, kisha jumlisha 1. Unapata 4,294,967,297. Ijaribu kwa 3, 5, 7, 11, 13: kila mara inaacha baki. Je, ni namba tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe?

Mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa aliamini hivyo mwaka 1640. Alikuwa ameona kwamba ukichukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, ukaongeza 1 kila mara, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Akaona mfululizo huo utaendelea hivyo hivyo. Mifano mitano mizuri, lakini mifano si uthibitisho, na hili sisi tunaofundisha hisabati hatuchoki kulirudia.

Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba namba ya sita, yaani 4,294,967,297 yetu, inagawika kwa 641. 641 ni ya 116 katika safu ya namba tasa, lakini Euler hakuhitaji kuzipitia zote zilizotangulia. Alithibitisha kuwa kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Ukichuja kwa sharti hilo zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641 yenyewe. Majaribio matano tu!

Uzuri wake unaonekana hata bila kugawanya. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, tukihesabu mabaki ya kugawanya kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inakuwa sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴. Iweke mahali pake, na −2³² inakuwa sawa na 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu. Mimi kila nikiandika mistari hii ubaoni huifurahia upya.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa. Mwanahisabati Édouard Lucas alikaza sharti la Euler mwaka 1878: baki ni 1 hata ukigawanya kwa 128. Kwa kuwa kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589, za kujaribu ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 peke yake. Kalamu na karatasi vinatosha.

Hadi leo hakuna namba tasa nyingine iliyopatikana katika mfululizo huo wa Fermat baada ya zile tano. Ile ya kipeo cha 1,048,576 ina tarakimu 315,653. Tangu 1988 inajulikana kwamba si tasa, ila hakuna aliyewahi kupata hata kigawo chake kimoja.